Miaka mitatu nilitibiwa amibe, kumbe ni maziwa: tuzungumze chakula kinachotukataa, watu wa Goma

Mama Ombeni, Ndosho

Ndugu zangu, uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika kwa siku tatu, watoto wakishalala.

Miaka mitatu tumbo langu lilikuwa likijaa kama ngoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na mandazi, natoka mbio, na kabla ya saa tatu niko mbele ya watoto sitini naangalia mlango. Tumbo linanguruma mpaka watoto wa dawati la kwanza wanasikia. Kila nilipokwenda kituo cha afya jibu lilikuwa moja: amibe, wale vijidudu vya utumbo. Metronidazoli siku saba, mdomo ladha ya chuma, wiki moja ya nafuu, kisha yale yale. Karatasi za dawa nilizitunza kwenye kopo la sukari, na siku nilipozihesabu zilikuwa kumi na moja. Katika hizo zote, choo changu kilipimwa mara mbili tu, na mara zote mbili hakikuonekana kitu.

Nataka mwone nilivyojidanganya. Wiki za dawa nilikuwa naumwa, na mgonjwa kwetu anapewa bugali laini, ndizi za kuchemsha, supu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Chai ya maziwa sikuigusa, ilinichefua. Nafuu ikija, nasema dawa imefanya kazi. Nikipona narudi kazini, na nikirudi kazini narudi kwenye chai yangu. Mara kumi na moja, na sikuona.

Sasa sehemu ngumu. Wakwe zangu ni wafugaji, wa kule juu Masisi. Mama mkwe anakamua mwenyewe, anachemsha, anakujazia kikombe mpaka ukingoni na kukaa mbele yako akikutazama unavyokunywa, kwa furaha. Kila nikitoka kwake nilikuwa hoi siku mbili. Nikakonda. Majirani wakaanza kunong'ona lile neno ambalo kila mtu wa Kivu analijua: karuho. Wamemtilia karuho kule kwa wakwe. Mama yangu mdogo akanipeleka kwa mtu anayetapisha. Nilikunywa chungu cha majani, nikatapika mpaka nyongo ya kijani, nikaonyeshwa kwenye beseni kitu kama kipande cha nyama, nikaambiwa ndiyo hiyo sumu, ulikuwa umebakiza wiki.

Mwaka mzima baada ya hapo nilikataa chakula cha mama mkwe. Nilikuwa nafika na chupa yangu ya maji. Yeye hakuuliza. Kwetu mtu akikataa chakula chako hakuna haja ya kuuliza, maana yake inajulikana. Hilo linaniuma kuliko tumbo.

Aliyenitoa huko ni binti ya shangazi, muuguzi. Hakunipa dawa. Alinipa daftari la kurasa 48, akasema andika kila kinachoingia mdomoni, na saa yake, na kila tumbo linachofanya, na saa yake. Wiki mbili, usibadilishe chochote. Ukurasa wa kwanza ninao hapa:

Jumatatu. Saa 12 na nusu: chai ya maziwa, mandazi 2. Saa 1 na dakika 40: linanguruma. Saa 2 na nusu: choo cha maji. Saa 7: bugali, sombe (majani ya muhogo), sambaza. Hakuna. Saa 1 usiku: maharagi, mchele. Saa 4 usiku: hewa, siwezi kulala kwa tumbo.

Jumanne, chai ya maziwa, vile vile. Jumatano maziwa yaliisha nyumbani, nikanywa chai kavu na mandazi yale yale. Hakuna. Alhamisi maziwa yalirudi, na tumbo likarudi nayo. Wiki mbili za namna hiyo. Mtoto wa darasa la tatu angeisoma.

Nikaacha maziwa mabichi na ya unga kwa wiki mbili. Kisha, Jumamosi asubuhi, bila kazi ya kunikimbiza, nikanywa kikombe kimoja cha maziwa tumbo tupu, nikakaa. Dakika hamsini. Nililia, lakini si kwa maumivu.

Nitaeleza chini nilivyobadilisha chakula. Kwanza nataka kujua kama niko peke yangu.

Espoir, Birere

Mama, hauko peke yako. Mimi ni mkate na vitunguu, au angalau nadhani. Nililipa dola nyingi kwa watu wanaopita na mashine, unashika fimbo ya chuma mkononi, kompyuta inatoa karatasi. Yangu ilikataza vyakula zaidi ya thelathini, mpaka ndizi na mchele. Halafu wakaniuzia unga wao wa mitishamba. Nilikula viazi na chumvi mwezi mzima. Nimepungua kilo, tumbo bado.

Muuguzi wa Katindo

Mama Ombeni, pongezi kwa daftari. Binti ya shangazi yako alifanya kazi ambayo sisi wa vituo tungepaswa kuifanya. Nasema hili nikiwa ndani ya kazi hiyo: mgonjwa anaingia, tumbo, tunaandika amibe, anatoka. Nimefanya hivyo mwenyewe kwa watu wengi na najuta.

Niweke mambo mawili wazi kabla uzi haujakwenda mbali, maana yanachanganywa kila siku.

Kuna mzio, ule tunaouita alerji. Huo ni ulinzi wa mwili unaokosea, unaona karanga au yai au samaki kama adui. Chembe kidogo tu inatosha. Kwa kawaida unakuja haraka, dakika chache mpaka saa mbili: midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka yanayowasha, kutapika, na ukiwa mkali koo linabana, pumzi inapiga filimbi, mtu anaanguka. Huyo haandikiwi daftari, anakimbizwa hospitali achomwe adrenalini kwenye nyama ya paja. Na baada ya hapo chakula hicho hakionjwi tena nyumbani kwa kujaribu. Kwa mwenye mzio wa karanga, mjue kwamba sombe nyingi hapa mjini zimetiwa karanga na hazionekani kwa macho. Aulize aliyepika, siyo aliyepakua.

Halafu kuna kutovumilia, kama kwa mama mwalimu. Hapo hakuna adui. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi, na utumbo mwembamba unaipasua kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto anacho kingi. Kwa watu wengi duniani, karibu theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho kinapungua baada ya utoto. Sukari isiyopasuliwa inashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaichachua, hewa inajaa, maji yanavutwa, unakimbia. Inaumiza na inaaibisha, lakini haiui, na inategemea kiasi. Kikombe cha robo lita kina gramu kama 12 za laktosi. Kuna anayeshindwa na kikombe tumbo tupu ila anaweza nusu kikombe pamoja na chakula.

Espoir, mdogo wangu, ile mashine haipimi kitu. Hata vile vipimo vya damu vya kingamwili za IgG vinavyotoa orodha ndefu ya vyakula, vyama vya madaktari wa mzio vinasema visitumike kutambua tatizo la chakula, kwa sababu IgG inaonyesha tu kwamba umewahi kula kitu hicho. Tupa karatasi. Lakini mkate usiuache kwanza! Kuna ugonjwa wa seliaki, ambapo gluteni ya ngano inafanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Kipimo chake cha damu kinasoma vizuri tu ikiwa bado unakula ngano. Ukiacha miezi miwili halafu ukapima, jibu linaweza kuwa safi na ugonjwa upo. Pima kwanza, acha baadaye.

Nikuhadithie kidogo, kwa sababu ni hadithi ya mama mwalimu kabisa. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliandika kwamba watoto wenye seliaki wanapona kwa kulishwa ndizi. Walipona kweli, na kwa miaka mingi ndizi ikawa dawa. Ila watoto wale walikuwa wamekatazwa mkate pia. Ni daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeona kwamba kosa liko kwenye ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipokosekana Uholanzi, watoto wake walipata nafuu, na mkate uliporudi waliugua tena. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950. Miaka ishirini na zaidi ndizi ilipewa sifa ya kitu kilichokosekana sahanini. Ndivyo metronidazoli ilivyopewa sifa ya chai iliyokosekana.

Baba Amani, Himbi

Mwanangu mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nina miaka 67, nimezika watu. Usiwaambie vijana kwamba karuho haipo. Watu wabaya wapo na sumu ipo.

Mama Ombeni, Ndosho

Baba, nakusalimu kwa heshima. Sikusema sumu haipo duniani. Nimesema langu halikuwa sumu, na ushahidi wangu ni daftari: kitu kile kile kiliniumiza jikoni kwangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa maziwa niliyoyanunua sokoni Virunga. Mama mkwe hakuwepo. Mtu akiniambia nimetiliwa sumu, ningependa angalau tuulize kwanza nilikula nini na saa ngapi, kabla hatujataja jina la mtu. Jina la mtu likishatajwa halirudi.

Baba Amani, Himbi

Hapo umesema. Kaka yangu hajaongea na dada yetu tangu mwaka ule kwa jambo kama hilo, na yeye naye ni tumbo. Nitampelekea daftari.

Muuguzi wa Katindo

Baba, naomba niongeze moja. Kutapishwa kwa nguvu kunamwaga maji na chumvi za mwili, na majani mengine yanaharibu figo. Tumepokea watu walioingia na tumbo la kawaida wakatoka kwa mtapishaji wakiwa hawakojoi. Ukihisi sumu ya kweli, njia ni hospitali moja kwa moja.

Nsimire, Bukavu

Aksanti kwa uzi huu. Nina swali la haraka. Mimi pia maziwa yananikataa tangu msichana. Nina mtoto wa miezi minne, ananyonya, na wiki hii ameharisha. Mama jirani anasema maziwa yangu ndiyo yanamkataa, ameyarithi kwangu, nimpe uji. Niache kunyonyesha?

Muuguzi wa Katindo

Dada Nsimire, usiache. Tafadhali usiache. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, gramu kama 7 katika mililita 100, na yanayo hata kama mama mwenyewe hajagusa maziwa maisha yake yote. Mwili wako unaitengeneza. Mtoto mchanga anazaliwa na uwezo wa kuipasua. Hali ya kwako inaanza baada ya utoto. Kuna kasoro ya kuzaliwa nayo lakini ni adimu sana, na hujionyesha siku za kwanza, siyo mwezi wa nne.

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya kituo cha afya, na zinki, kwa umri wake ni miligramu 10 kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Mpeleke leo, siyo kesho, ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, hakojoi, damu kwenye choo, au anakataa kunyonya. Uji kwa miezi minne ni mapema.

Nsimire, Bukavu

Nimeelewa. Tunakwenda asubuhi.

Mama Ombeni, Ndosho

Nsimire, utuandikie mkirudi.

Sasa nilivyobadilisha. Nawaandikia kwa vyakula vya hapa hapa, maana nilisoma ushauri mwingi kwenye intaneti, maziwa ya lozi, mkate maalumu wa dukani, nikaona hivyo si vya mshahara wa mwalimu. Kumbe karibu kila ninachohitaji kipo kwenye soko letu.

Asubuhi nakunywa chai kavu ya tangawizi, na viazi vitamu vya jana au nusu avoka. Siku nyingine uji wa masoso, ule unga wa mahindi, mtama na soya. Maziwa ya unga nilijaribu nikidhani ni tofauti, yakaniangusha. Ni maziwa yale yale yaliyoondolewa maji, sukari yote imebaki. Ya mbuzi pia yana laktosi. Msipoteze pesa zenu huko.

Kitu kilichonifurahisha ni fromaji, yaani jibini. Nilikuwa nimeiacha pamoja na maziwa. Muuguzi wangu akanieleza kwamba wakati wa kuitengeneza, sehemu kubwa ya sukari inatoka na yale maji ya kijanijani yanayomwagwa, na iliyobaki bakteria wanaimaliza fromaji inapokaa kukomaa. Nilinunua kipande kidogo cha ile duara ya Masisi, iliyokomaa, ngumu ya kukata, ganda limekauka. Nikala vipande viwili na ndizi. Nikakaa na daftari langu mpaka usiku. Hakuna. Siku hiyo nilirudishiwa kitu cha kwangu.

Kalsiamu inayopungua kwa kukosa maziwa naipata kwenye sambaza, maana tunazila na mifupa yake. Hizi samaki ndogo hazikuwa za ziwa letu. Zilitolewa Tanganyika zikawekwa Kivu mwaka 1959, na leo sijui tungekula nini bila hizo. Nanunua sokoni Kituku asubuhi, nyingine nazikausha.

Maharagi sasa. Daftari lilisema kila usiku wa maharagi silali. Lakini kuacha maharagi Goma ni kuacha kula, na watoto wangu wanakua nayo. Kwa hiyo nilibadilisha namna ya kupika. Nayaloweka jioni mpaka asubuhi, maji yale nayamwaga, naosha, naweka maji mapya, nachemsha kwa moto mkali. Zile sukari zinazoleta hewa zinatoka sehemu yake kwenye maji ya kulowekea. Najua mtasema mwalimu, maji tunanunua bidoni, sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano na maji yanatoka ziwani kwa shida, halafu unatuambia tumwage. Simwagi bure: nasafishia choo. Na makala (mkaa) inayookoka inalipa yale maji, kwa sababu maharagi yaliyolowekwa yanaiva mapema sana. Nakula vijiko vinne, siyo sahani. Mchana, siyo usiku. Inatosha.

Vitunguu vilinichukua muda. Sikuwaza kabisa kwamba ni tatizo, vipo kwenye kila kitu. Nilivigundua siku ya msiba, tulikula nyama yenye mchuzi wa vitunguu vingi, bila maziwa, bila maharagi, na usiku ule ukawa mbaya. Nikavijaribu peke yake, mara mbili. Nilichojifunza ni kwamba sukari ya kitunguu inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Basi nakaanga kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa ndani ya mafuta, kikishatoa harufu nakitoa chote kwa kijiko, kisha ndipo naweka nyanya na maji. Watoto wanakila kile kitunguu na bugali yao. Kwenye sombe natumia majani ya kijani ya puaro (liki), ile sehemu nyeupe naiacha. Mume wangu hakugundua mpaka nilipomwambia.

Muuguzi wa Katindo

Mama, sahihi, na nasisitiza huo moto mkali. Maharagi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjika kwa maji yanayotokota kweli. Dakika kumi ni za chini kabisa, nusu saa ni salama zaidi. Anayeyaacha kwenye joto la uvuguvugu yakalainika bila kutokota anaweza kutapika vibaya, na hapo atadhani maharagi yanamkataa.

Zawadi, Lubumbashi

Habari za huko Kivu. Mimi niko mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na tatizo langu ni samaki. Thomson, yule samaki wa baharini wa kugandishwa. Siku nyingine nakula, hakuna kitu. Siku nyingine, hata nusu saa haijapita, uso na shingo vinakuwa vyekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na mdomo unachoma kama pilipili ingawa sikuweka. Usiku inaisha. Mume wangu alikula siku moja nami, naye akawa hivyo hivyo. Niandike nina alerji?

Muuguzi wa Katindo

Dada Zawadi, umeniletea swali zuri, na hiyo habari ya mume wako ndiyo ufunguo. Mzio hauambukizi mezani. Watu wawili wakiwaka kwa sahani moja, mshtakiwa wa kwanza ni sahani.

Thomson, kama jodari na samaki wa jamii ya dagaa wa baharini, nyama yake ina kitu ambacho bakteria wanakigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Histamini ndiyo ile ile mwili unayoitoa wakati wa mzio, kwa hiyo dalili zinafanana, pamoja na huo mdomo kuchoma. Umeme unakatika, sanduku linayeyuka, umeme unarudi, samaki anaganda tena, na kwa macho anaonekana mzima. Kupika hakuondoi histamini, kukaanga hakuondoi, kugandisha tena hakuondoi. Kwa hiyo huna chakula cha kuacha, una muuzaji wa kuacha. Nunua kwa anayeuza haraka, mapema asubuhi, samaki bado ni jiwe, na akiyeyuka mpike siku hiyo hiyo. Samaki anayechoma ulimi, mteme.

Lakini ukiwahi kubanwa pumzi, au ikitokea kwako peke yako na kwa kila samaki, uende kwa daktari. Hapo naweza kuwa nimekosea, na kukosea huko ni hatari.

Zawadi, Lubumbashi

Umenifungua macho. Ni yule muuzaji mmoja kweli. Miaka miwili nimewanyima watoto samaki kwa kuogopa wamerithi.

Espoir, Birere

Muuguzi, nilirudisha mkate kwa wiki kadhaa kama ulivyosema, kisha nikapima damu ya seliaki, wameniambia hakuna. Sasa nifanye kama mama mwalimu? Nianze wapi? Nimezoea orodha ya thelathini, naogopa kurudisha kitu kingine chochote.

Muuguzi wa Katindo

Habari njema. Anza kwa kurudisha, kijana wangu. Umekaa mwezi mzima kwenye viazi. Mwili wako unahitaji chakula kuliko unavyohitaji marufuku. Wiki hii rudisha mchele, ndizi, mayai, sambaza, lengalenga, vyote ambavyo hata hukuwa na sababu ya kuviacha. Daftari mkononi. Kisha toa vitunguu na mkate tu, wiki tatu. Ukipata nafuu, rudisha kimoja: mkate kidogo siku ya kwanza, zaidi siku ya pili, zaidi siku ya tatu, kisha pumzika siku mbili tatu. Halafu vitunguu, peke yake. Watu wote wanafurahia kutoa. Wachache wanarudisha, na ni pale kwenye kurudisha ndipo unapojua. Ukitoa vitu kumi ukapona, umejua nini? Umerudi kwa yule daktari na ndizi zake.

Na kabla ya yote, kipimo cha choo, cha kweli, kwenye darubini, siku tatu tofauti. Kuna vijidudu, giardia hasa, vinavyokwangua utumbo mpaka maziwa yakukatae kwa wiki kadhaa. Ukitibiwa, uwezo unarudi. Amibe na minyoo vipo kweli mjini kwetu, nisieleweke vibaya. Ninachokataa ni kuvitibu bila kuvitafuta. Ukikonda bila sababu, ukiona damu, homa, au tumbo linakuamsha usiku kila siku, weka daftari chini, nenda kwa daktari.

Nsimire, Bukavu

Tumerudi. Walimpima, hakuwa amepungukiwa maji. Wametupa pakiti na zinki. Ananyonya wakati naandika hapa. Mama jirani nimemweleza taratibu, hakukasirika, amesema hata yeye alifundishwa hivyo na mama yake.

Mama Ombeni, Ndosho

Wiki sita zimepita tangu nifungue uzi, nimerudi kuwapa habari, kwa sababu wengi mliniandikia pembeni mkiuliza juu ya mama mkwe.

Nilikwenda Jumapili. Peke yangu, bila chupa ya maji. Nilimkuta jikoni nje, sufuria ya maziwa inapanda povu, anaipuliza isimwagike. Alinimiminia kikombe kama zamani, kisha akasita, mkono ukabaki hewani. Hilo nililiona. Nikamwambia, mama, kaa. Nikatoa daftari. Yeye hasomi, nikamsomea mimi. Jumatatu, chai ya maziwa, saa fulani, tumbo. Jumatano hakuna maziwa, hakuna tumbo. Nilimsomea kurasa nne nzima. Nikamwambia ni maziwa ya popote, hata ya Goma, hata ya unga, siyo ya kwako.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo hukuwa unaniogopa."

Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia, nilikuwa nakuogopa, mama. Mwaka mzima. Nimekuja kuomba msamaha kwa hilo, siyo kwa tumbo.

Hakunijibu. Aliinuka, akachukua kile kikombe, akayamimina maziwa kwenye kibuyu chake cha kugandishia, kile ambacho hakioshwi mpaka mwisho ili yale ya kwanza yaanzishe mapya, akakiziba kwa jani la mgomba. Akasema dada yake marehemu naye alikuwa hivyo, maziwa mabichi hayawezi, ya kuganda, kivuguto, anayaweza, na nyumbani kwao walimwekea kibuyu chake tangu msichana, hakuna aliyeona ajabu. Nikamweleza alivyonieleza muuguzi, kwamba yakiganda bakteria wanakula sehemu ya ile sukari, na wanaingia tumboni na kimeng'enya chao kukusaidia na iliyobaki. Akanitazama kama mtu anayesomewa kitu anachokijua.

"Lala siku mbili," akasema. "Haya ni ya kwako."

Baba Amani, Himbi

Na ulilala?

Mama Ombeni, Ndosho

Nililala, baba. Jumanne, saa 6 mchana: kivuguto nusu kikombe, viazi vitamu 2. Saa 8: hakuna. Saa 11: hewa kidogo. Jumatano asubuhi: kawaida.